Futi kumi na mbili za Joram Opondo

Saa mbili asubuhi, na mabati ya yadi ya mbao iliyo nyuma ya soko la Kibuye mjini Kisumu tayari yameanza kulia kwa joto. Joram Opondo anauinua ubao wa saiprasi hadi usawa wa uso, anafumba jicho moja na kuutazama kwa urefu wake, kama mtu anayechungulia bomba. Kisha anaugonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio.

"Huu umepasuliwa mbichi," asema. "Upeleke nyumbani leo, wiki ijayo utaukuta umejikunja kama mkia wa mbwa."

Anauweka kando. Anachomoa kalamu ya risasi nyuma ya sikio, lakini haandiki kipimo. Juu ya rundo la mbao lipo daftari la shule lenye jalada la buluu. Humo anaandika sentensi moja, anaisoma kwa midomo bila sauti, halafu anaikata kwa mstari mmoja ulionyooka. Ni mara ya sita tangu Jumatatu.

Mzee Opondo, mwenye umri wa miaka 63, ni mpima mbao. Mteja akija kutafuta mbao za paa, mlango au kitanda, yeye ndiye anayezichagua, kuzipima na kuzihesabu kabla hazijapakiwa kwenye mkokoteni. Kwa mwezi hulipwa Sh17,500, na kwa mshahara wa kazi hiyo amelea watoto wanne katika nyumba ya vyumba viwili mtaani Obunga. Desemba anastaafu.

Lakini kinachomsumbua wiki hii si kazi inayomlipa. Ni mashindano ya useremala ya watu wasio maseremala.

Watu wa Kisumu huyaita Fundi wa Jumapili. Kila mwisho wa Agosti, kwa mwaka wa sita sasa, walimu, wauguzi, makarani, akina mama wa sokoni na waendeshaji bodaboda hukusanyika katika ukumbi wa kanisa moja mjini. Kila mmoja huja na kitu alichokitengeneza kwa mbao, kwa mikono yake. Sharti kuu ni kwamba asiwe mtu anayekula kwa mbao. Mshindi huenda nyumbani na sanduku la vifaa: randa, misumeno miwili, patasi tano, nyundo na jiwe la kunolea.

Mzee Opondo ndiye aliyeyaanzisha, na ndiye anayeandika kanuni zake. Mwaka jana kanuni moja ilimwendea mrama.

Ilisema hivi: "Kila mshindani atumie mbao zisizozidi futi kumi na mbili."

Kwa mtu wa yadi, sentensi hiyo haina kasoro. Mbao huuzwa kwa futi, ila kabla ya futi hutangulia ukubwa. Mteja husema "sita kwa moja, futi kumi", maana yake upana wa inchi sita, unene wa inchi moja, urefu wa futi kumi. Kwa miaka 42 Mzee Opondo hajasikia mtu yeyote akitaja futi kabla ya kutaja ukubwa. Kwa hiyo aliiandika futi peke yake, akidhani kila atakayesoma atasikia kichwani kile anachokisikia yeye.

"Mimi nilikuwa nafikiria mbili kwa mbili," asema. "Hiyo ndiyo mbao ya mtu wa kawaida. Hapa futi yake ni shilingi ishirini na tano. Sikuiandika. Niliona ni kama kuandika kwamba maji ni maji."

Wiki moja kabla ya mashindano, simu ililia. Alikuwa Bw Walubengo, mwalimu wa hisabati katika shule moja ya upili.

"Akaniuliza, 'Mzee, hizo futi kumi na mbili ni za upana gani?' Hapa yadi kulikuwa na lori linashusha, dereva ananipigia honi. Nikamwambia, 'Mwalimu, futi ni futi.' Nikakata simu."

Anapangusa vumbi la mbao kwenye jalada la daftari.

"Futi ni futi. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Bw Walubengo alikuja na kasha la nguo lililotengenezwa kwa mvule. Ubao wake ulikuwa wa futi kumi na mbili, sawasawa na kanuni, ila upana ulikuwa inchi kumi na mbili na unene inchi mbili. Babake alikuwa ameuhifadhi darini Bungoma kwa miaka mingi. Kasha hilo lilibebwa na wanaume wawili.

Rachael Anyango, mwalimu wa chekechea karibu na Kombewa, eneo la Seme, alikuja na meza ndogo ya kukunja. Alikuwa amenunua futi kumi na mbili za saiprasi, mbili kwa mbili, akazichonga ndimi za kuchomekwa kwenye matundu na kuziunganisha bila msumari hata mmoja. Wote wawili walikuwa wametii kanuni. Mmoja alikuwa na mbao mara sita ya mwenzake.

Waamuzi watatu walizunguka ukumbi, wakaitazama meza kwa muda mrefu, wakarudi kwenye kasha. Kasha lilishinda kwa alama mbili.

"Yule mwalimu hakuiba," asema Mzee Opondo polepole. "Aliuliza akajibiwa. Nikimlaumu, nitakuwa namlaumu kwa kusikia nilichomwambia."

Rachael naye hakupiga kelele. Aliikunja meza yake, akaja alipokuwa amesimama mpimaji, akamwambia, "Baba, mimi nilisoma futi nikanunua futi. Kumbe iko futi ya watu na futi ya wengine." Aliondoka kabla chakula hakijapakuliwa, yeye na wenzake wanane waliokuwa wamekuja pamoja kutoka Seme.

Mwaka huu usajili ulifunguliwa Juni. Hakuna jina hata moja kutoka Seme. Usajili unafungwa Jumamosi hii, siku tatu zijazo.

Langoni mwa yadi, Milka ambaye huuza chai na mandazi amegeuza jambo hilo kuwa mzaha, na mzaha umeenea soko zima. Mteja mmoja anainua kikombe chake na kukikagua.

"Milka, hiki kikombe mbona hakijajaa? Hii ni futi ya Opondo?"

"Kunywa unyamaze," Milka anamjibu. "Ile ya kujaa inakuja na mandazi, na mandazi inakuja na pesa."

Watu wanacheka. Mzee Opondo anacheka pia, lakini anainama kuokota kipande cha mbao ambacho hakikuwa kinamzuia.

"Mtu akikaa miaka arubaini na mbili akipima, ana nini kingine?" anauliza baadaye, wateja wakiwa wameondoka. "Sina shamba kubwa, sina duka. Nina hii tu, kwamba Opondo akisema ni futi kumi, ni kumi. Sasa naondoka Desemba, na jina langu linabaki hapa kama jina la kupunja."

Ukimwuliza kwa nini alianzisha mashindano, haanzi na yadi. Huanza na bandari.

Babake, Oduor, alikuwa mpagazi katika bandari ya Kisumu mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati ambapo honi za meli ndizo zilizokuwa saa ya mji. Vioo, vipuri na mashine zilifika zikiwa zimefungwa ndani ya makasha ya mbao nyeupe. Makasha yaliyovunjika, wafanyakazi waliruhusiwa kuyachukua. Kila Desemba, katika ukumbi wa wafanyakazi, palikuwa na maonyesho ya kazi za mikono, na mtu yeyote aliweza kuleta chake.

"Wote mbao ile ile ya kasha," akumbuka. "Karani, mpagazi, yule mkubwa wa forodha mwenye tai. Hakuna aliyeuliza futi. Kasha ni kasha. Wewe ulikuwa unashindana na mikono ya mtu, si na mfuko wake."

Mwaka ambao Joram alikuwa na miaka kumi, babake alitengeneza kiti cha kukunja. Kwenye mbao za kasha palikuwa na mshale mwekundu wa kuonyesha upande wa juu. Kiti kilipokamilika, mshale ukawa unaelekea chini, na ukumbi mzima ukacheka. Oduor alipata nafasi ya tatu na taa ya mafuta. Usiku huo, asema Mzee Opondo, mamake alikataza taa isiwashwe kwanza hadi majirani wote waione ikiwa mpya.

"Baba aliniambia, 'Jumapili ijayo nitakufundisha kuchonga ulimi.' Ilikuja Jumapili, yuko kazini. Nyingine, hivyo hivyo. Halafu meli zikapungua, wakahamishwa wengine Mombasa. Alienda. Alikuwa anatuma barua. Ulimi hauwezi kuchongwa kwa barua."

Maonyesho yalikufa bila kutangazwa. Mwaka mmoja hayakufanyika, mwaka uliofuata hakuna aliyeuliza.

Yeye aliingia yadi hii mwaka wa 1983, akiwa na cheti cha darasa la saba na ufagio. Kazi ilikuwa kufagia unga wa mbao. Mwenye yadi, ambaye wafanyakazi walimwita Mzee Singh, alikuwa akiandika vipimo kwa chaki kwenye ncha za mbao. Kijana wa ufagio alivinakili kwenye karatasi za saruji, akaenda navyo nyumbani, akavisoma hadi akavielewa. Hakuna aliyemfundisha. Siku moja mpimaji aliugua, Mzee Singh akauliza nani anajua hesabu ya mbao, na kijana akaweka ufagio chini.

"Siku hizo ulikuwa unaingia hapa, mvule inakupokea kwa harufu kabla mtu hajakusalimu," asema. "Tamu, kama ngozi mpya. Sasa ni saiprasi na blugamu, na zile mbao za unga ulioshindiliwa zinazokuja zimebandikwa. Zile hazina harufu. Zina bei tu."

Mzee Singh alifariki. Yadi sasa ni ya mwanawe, Jasvir Singh, mwenye miaka 58, aliyezaliwa Kisumu na anayetania kwa Kidholuo kama mwenyeji. Yeye ndiye anayetoa sanduku la vifaa kila mwaka. Saa nne anatoka ofisini na kikombe chake, anakaa juu ya mbao karibu na mpimaji.

"Opondo, sheria imefika wapi?"

"Nimeandika kwa bei. Kila mtu mbao zisizozidi shilingi mia tano."

"Bei ya nani? Wewe ukinunua kwangu nakupa bei ya rafiki. Mtu wa Sondu anakata mti wake shambani, bei yake ni jasho. Hiyo si sheria, hiyo ni soko."

"Na mimi nikiokota kasha la nyanya?" Milka anadakia kutoka langoni. "Bei yake sufuri. Nilete makasha mia?"

Mzee Opondo anakata mstari. "Basi kwa ujazo. Napima upana, unene na urefu, nazidisha."

"Kwa ujazo!" Jasvir anacheka hadi chai inamwagika. "Yawa! Mwalimu wa hesabu atakuja na mpingo. Ujazo ule ule, mti mwingine."

Mstari mwingine. Jasvir anaacha kucheka. Anaonyesha kwa kidevu gogo la saiprasi lililolala chini ya paa la nyuma, futi kumi na nne kwa urefu. Lilitoka upande wa Sondu miaka miwili iliyopita na limekauka vizuri.

"Chukua lile. Mimi natoa. Lipasue, kila mtu ubao mmoja. Kwisha maneno."

Mtu mwingine angeshukuru na kufunga daftari. Mzee Opondo anasimama, anakwenda kwenye gogo, anazunguka ncha zake mbili, anarudi.

"Ahsante. Lakini mti mmoja si ubao mmoja," asema. "Ubao wa karibu na ganda ni mwepesi, unapinda. Ule wa katikati kabisa unapasuka. Wazuri ni wale wa kati ya hapo. Ni ndugu wa tumbo moja, lakini tabia mbali mbali."

"Wewe utakufa na hilo daftari," Jasvir anamwambia, na kurudi ofisini.

Kufikia jioni, daftari lina kanuni tano. Mzee Opondo hakuzibandika langoni. Alhamisi aliomba ruhusa ya nusu siku akaenda Kombewa, ili mtu wa kwanza kuzisoma awe yule aliyeumizwa na zile za mwaka jana.

Chekechea ya Rachael ni chumba kimoja cha matofali kilicho kando ya kanisa. Ndani mna watoto 31 na viti vidogo 22, vyote vya mkono wake. Waliobaki hukaa kwenye mkeka. Randa anayotumia ni ya jirani, na jirani huihitaji kila wikendi. Hilo sanduku la vifaa halikuwa pambo kwake.

Alimfanya mgeni angoje hadi watoto wamalize uji. Kisha akatoka, akifuta mikono.

"Karibu, Baba. Umekuja kupima nini huku kwetu?"

"Nimekuja kupimwa," alijibu Mzee Opondo, na kumpa daftari.

Rachael alisoma kwa sauti, kama anavyowasomea watoto. "Kanuni ya kwanza. Kila mshindani atapewa ubao mmoja, nane kwa moja, futi saba." Akainua macho. "Leo naona ukubwa umetangulia."

"Nimejifunza, mwanangu."

"Ya pili. Mbao zote zitatoka katika gogo moja. Ya tatu. Hakuna kuongeza mbao ya nyumbani, hata kabari. Ya nne. Kila mtu alete kazi yake pamoja na mabaki yake yote katika mfuko." Alisita. "Mabaki ya nini?"

"Tuyaweke kando ya kazi, tuone ubao umetimia. Mtu asibadilishe."

"Hata unga?"

"Unga baki nao."

Hapo alicheka, kwa mara ya kwanza. Akasoma ya tano: hakuna kusaidiwa. Akarudi juu ya ukurasa kana kwamba alikuwa anatafuta kitu kilichoanguka.

"Na nani atapasua?"

"Okinyi wa mashine. Mimi ndiye nitakayepiga mistari."

"Na kugawa?"

"Mnachagua wenyewe, kwa kupiga kura ya namba. Mwenye moja anaanza."

Rachael alifunga daftari, kidole chake kikiwa bado ndani.

"Baba, sikia. Sisemi utaiba. Mwaka jana pia hukuiba." Alisema kwa upole, na pengine ndiyo sababu yalimpata. "Lakini ukikosea mstari, wewe unaenda nyumbani na mshahara wako. Ubao mbaya tunaubeba sisi. Mwaka jana tuliubeba sisi."

Ndani, watoto walikuwa wameanza kuimba bila mwalimu.

"Kwetu tulizaliwa saba," Rachael aliendelea. "Jioni samaki ni mmoja. Mama alikuwa anampa mmoja wetu kisu, leo huyu, kesho yule. Na mwenye kisu anachukua kipande cha mwisho. Ukikata vibaya, unakula ubaya wako. Ungeona vile tulikuwa tunakata! Hata daktari hakati hivyo."

Aliomba kalamu. Chini ya kanuni ya tano aliandika ya sita kwa mwandiko wake wa ubaoni, wenye herufi kubwa za duara: *Mwenye msumeno huchukua mwisho.*

"Mwenye msumeno ni wewe unayepiga mistari. Na si kuchukua uende kuwashia moto," aliongeza. "Uutengeneze uwe kitu. Ukilete ukumbini kama sisi."

Hapo Mzee Opondo alitazama viti ishirini na viwili vilivyopangwa ukutani, akakohoa na kumwita kwa Kidholuo, binti wa Seme.

"Mimi ni mpimaji, Nyar Seme. Sijawahi kutengeneza kitu."

"Hata stuli?"

"Hata stuli. Nilikuwa nawapimia watu."

Rachael aligeuka akamtazama. Huyu ndiye mtu ambaye Kisumu nzima humwita fundi. Hakumcheka. Alimrudishia daftari.

"Basi utajua vile futi inauma," alisema. "Jumamosi nitakuja nione unavyopasua. Kuandika jina, bado sijasema."

Jumamosi, saa tatu asubuhi. Washindani wanane wa mjini wamekaa juu ya mbao wakinywa chai ya Milka. Bw Walubengo ni mmoja wao. Yeye ndiye aliyekuja wa kwanza, na amemsaidia Okinyi kusukuma gogo hadi kwenye mashine.

"Mzee, leo futi ni ngapi?" anauliza mwalimu, akiwa na wasiwasi kidogo kwenye tabasamu lake.

"Saba, mwalimu. Za nane kwa moja," anajibu Mzee Opondo. "Na ukipiga simu, sitakata."

Rachael anafika na wenzake wanane. Hawaingii. Wanasimama langoni, mikono nyuma, kama watu waliokuja kutazama mnada.

Gogo limekatwa vipande viwili vya futi saba. Mzee Opondo amepiga magoti mbele ya ncha ya kipande cha kwanza, chaki mkononi. Anachora mstari, anaufuta kwa kitambaa, anaomba gogo ligeuzwe kidogo. Anachora tena. Anaomba ligeuzwe tena. Dakika arubaini zinapita.

"Jaduong'," Okinyi anamlalamikia mzee, "hili ni gogo ama ni bibi harusi?"

"Geuza kidogo tu. Hivyo. Ngoja."

Kipande cha pili kina ugonjwa. Upande mmoja palikuwa na tawi kubwa, na chini ya ganda vifundo vimejificha kama mawe ndani ya mchele. Ukipasua kwa kawaida, vifundo hivyo vitasambaa katika mbao nne au tano, kila mshindani apate chake kidogo. Mzee Opondo analigeuza gogo hadi tawi hilo lote liangukie kati ya mistari miwili tu.

Rachael, ambaye amesogea bila kuonekana, anaona anachofanya.

Msumeno unalia. Mbao kumi na nane zinatoka, zinaegemezwa ukutani moja moja. Kumi na saba kati yake ni safi, kwa kiasi ambacho mti unaruhusu. Ya kumi na nane ina kifundo cha ukubwa wa yai, kingine kando yake, na ufa mwembamba unaoviunganisha.

Rachael anapita mbele ya mbao zote. Anagonga kila moja, anaigeuza, anaitazama kwa urefu wake akiwa amefumba jicho moja. Anapofika kwenye ya mwisho anauliza, "Hii ya nani?"

"Watu wakichagua vizuri, ya kwangu," asema Mzee Opondo.

Milka ameacha birika lake. Hata yule mteja wa kikombe kisichojaa amesogea kuchungulia.

"Leteni hicho kitabu cha majina," asema Rachael.

Anaandika jina lake: Rachael Anyango, Kombewa, nambari tisa. Kisha anampa kalamu mwenzake aliye nyuma, na huyo anampa mwingine. Majina yanafika kumi na saba. Namba zinachanganywa ndani ya kofia ya Okinyi. Bw Walubengo anavuta ya kumi na sita, anacheka, anashukuru. Rachael anavuta ya nne. Mmoja mmoja wanachukua mbao zao, wakigonga na kugeuza kama walivyomwona Rachael akifanya, mpaka ukutani unabaki ubao mmoja.

Mzee Opondo anauchukua. Anapitisha kidole kwenye ufa, anaupima bila tepu, kwa macho tu. Kwa kifundo kile, anakadiria, kati ya futi saba anazo nne za kutumika.

"Jasvir ameniambia ataniazima randa baada ya saa za kazi," asema. "Nina wiki tatu. Nikiharibu, hakuna ubao mwingine. Kanuni ya tatu."

"Utatengeneza nini, Baba?" anauliza Rachael.

"Kiti."

"Cha miguu mingapi?"

"Mitatu. Wa nne umekwama kwenye kifundo."

"Unajua kuchonga ulimi?"

"Sijui. Ningekuomba unionyeshe, lakini kuna kanuni ya tano, na aliyeiandika ni mimi."

Mwaka ujao, asema, hatakuwa tena mtu anayekula kwa mbao. Atakuwa mstaafu, na sharti kuu halitamzuia. Anataka kuandika jina lake kwenye orodha kama mtu mwingine yeyote, na daftari la kanuni limwendee Rachael, akikubali. Lakini hayo ni ya mwaka ujao. Kwa sasa ana mpango mmoja tu.

"Siku ya mashindano nitakiweka mbele kabisa, karibu na waamuzi, nikikalie tangu asubuhi hadi mshindi atajwe," asema. "Kama kanuni zangu ni mbovu tena, wa kwanza kuanguka awe mimi, na watu wote waone."

Rachael ameshaweka ubao wake begani. Anapima kifundo kile kwa macho, kisha anampima mzee mwenyewe.

"Basi siku hiyo usile asubuhi, Baba."